Mpangaji na Kupanga: Mapambo ya Chumba Kidogo na Uhalisia Wake Mjini Mulot

Utangulizi

Katika Kiswahili, kitenzi kupanga kina maana mbili ambazo tunazitumia kila siku bila kuzigonganisha. Mtu hupanga nyumba, yaani huikodi kwa malipo ya kila mwezi. Mtu pia hupanga vitu, yaani huviweka mahali pake kwa utaratibu. Wanaisimu wanaweza kujadili kama hii ni polisemia au ni homonimia, lakini maisha ya chumba kimoja yamekwisha kuukata mjadala huo. Anayepanga chumba cha futi 10 kwa 10 hana budi kupanga kila alicho nacho, la sivyo hatapata pa kukanyaga. Mpangaji wa maana ya kwanza hulazimika kuwa mpangaji wa maana ya pili.

Makala haya yanauchunguza ushauri unaotolewa kuhusu kupamba makao madogo. Ni ushauri tunaousoma majaridani, tunaouona kwenye runinga na, siku hizi, kwenye simu za mkononi. Swali linaloyaongoza ni moja: je, ushauri huo unatekelezeka katika chumba cha kupanga cha mji mdogo kama Mulot? Msomaji ataona kwamba nimeiepuka kwa makusudi istilahi "nyumba ndogo". Sababu anaijua. Mapambo ya nyumba ndogo ni mada nyingine, nayo ina wataalamu wake.

Mulot ni kituo cha biashara kilicho kando ya barabara ya Narok kwenda Bomet, mpakani mwa kaunti hizo mbili, karibu na Mto Amala. Kwa wengi, jina hili limehusishwa miaka ya karibuni na ulaghai wa laini za simu. Hiyo siyo Mulot ninayoizungumzia. Ninayoijua mimi ni Mulot ya walimu, wauguzi, mafundi, wachuuzi wa mboga na waendeshaji wa bodaboda, watu wanaoishi katika vyumba vilivyojengwa safu mbili ndani ya ploti moja, mlango ukitazama mlango. Niliishi humo miaka miwili nikifundisha katika shule ya upili kabla ya kurejea chuoni kwa masomo ya uzamili. Mengi ya yanayofuata niliyaona kwa macho yangu, na machache yalinigharimu pesa zangu.

Chumba chenyewe

Kabla ya kukipamba chumba, yafaa tukipime. Chumba cha futi 10 kwa 10 kina futi za mraba 100, ambazo ni mita za mraba 9 na kitu. Kitanda cha futi 4 kwa 6, ambacho ndicho cha kawaida, huchukua futi 24. Kochi la watu wawili huchukua takribani futi 12 na nusu. Meza ndogo ya chai na kabati la vyombo, kila kimoja kikiwa cha futi 3 kwa 1 na nusu, huchukua jumla ya futi 9. Meza ya kuandikia huchukua 6. Mlango nao, ukifunguka kwa ndani, hudai robo ya duara, yaani futi 5 hivi ambazo hapana kitu kinachoweza kukaa. Hesabu hii yote ni futi 56 na nusu. Zimebaki 43 na nusu, na katika hizo lazima viingie mitungi ya maji, beseni, sanduku la nguo, jiko la gesi la kilo 6, viatu na, mwisho kabisa, binadamu.

Chumba chenyewe kwa kawaida ni cha mabati au cha mawe. Cha mabati huwa na kiunzi cha mbao kilichopigiliwa mabati nje, huku ndani kukiwa kumetandazwa katoni, karatasi au shuka ili kuzuia baridi na vumbi. Cha mawe kina ukuta imara, lakini kina pia sheria za mwenye ploti. Vyote viwili huwa na dirisha moja, tena dogo. Bomba la maji ni la ploti nzima, na choo vilevile. Umeme hununuliwa kwa tokeni.

Ukipanda kutoka Mulot kupitia Bomet hadi Sotik na Kericho, unaingia katika nchi ya majani chai. Huko kuna mpangaji wa aina nyingine. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa au amlipe pesa za kutosha kodi. Kampuni za mashamba makubwa ya chai zimezoea kutoa makao ndani ya mashamba yenyewe. Mchumaji chai anayeishi humo halipi kodi kwa mwenye ploti, lakini hali yake mbele ya pambo ni ileile. Nyumba si yake, na kazi ikiisha, nyumba nayo imekwisha. Kwa hiyo yasemwayo hapa kuhusu Mulot yanamhusu naye.

Ushauri na yanayotokea

Ushauri wa kwanza hupendwa sana: paka ukuta mmoja rangi nzito ili chumba kipate kina. Niliutekeleza. Nilinunua kopo la rangi ya samawati iliyokolea, nikapaka ukuta wa nyuma ya kitanda. Matokeo yalikuwa mawili. Kwanza, rangi nzito hunywa nuru, na chumba chenye dirisha moja hakina nuru ya kunywewa, kwa hiyo nililazimika kuwasha balbu saa tisa za mchana. Pili, siku ya kuhama ilipowadia, mwenye ploti aliutazama ukuta kwa muda, kisha akaniambia: "Mwalimu, ukuta ni wangu, rangi ndiyo yako. Ondoka na rangi yako." Nilinunua kopo jingine, la rangi ya maziwa, nikaurudisha ukuta ulivyokuwa. Nililipia pambo lile mara mbili, la kuliweka na la kuliondoa.

Ushauri wa pili unahusu kioo. Tundika kioo kikubwa mkabala na dirisha, nacho kitaongeza nuru na kukifanya chumba kionekane kikubwa maradufu. Kanuni yenyewe ni sahihi, kwa kuwa kioo hurudisha nuru. Ila kioo hakina uchaguzi. Hurudisha chochote kilicho mbele yake. Dirisha langu lilitazama vyoo vya ploti. Jirani yangu, mama wa watoto wawili aliyekuwa akiuza mboga sokoni, aliingia kuazima kiberiti, akasimama, akacheka. "Mwalimu," akasema, "kumbe sasa tuna vyoo viwili?" Nikamjibu, "Mama, hicho cha pili hakihitaji kuoshwa." Jioni ile nilikihamishia kioo nyuma ya mlango, nacho kikawa na kazi ya maana zaidi, ile ya kumwonyesha mtu kola yake kabla ya kutoka.

Ushauri wa tatu ni wa rafu za kuning'inia ukutani, kwa kuwa pasipo na sakafu hapakosi ukuta. Wazo hili lina akili, lakini limezaliwa penye ukuta wa tofali au wa mawe unaomilikiwa na anayeutoboa. Msumari ukipita kwenye bati hufungua njia ya mvua, na bati lenyewe haliwezi kubeba vitabu. Rafu ikifungwa kwenye mbao za kiunzi hushika, ila mbao hizo zipo alipozitaka fundi, si unapozitaka wewe. Katika chumba cha mawe msumari hushika vizuri, lakini ndio uliokatazwa siku ya kupokea ufunguo.

Ushauri wa nne husisitiza weupe: mapazia meupe, shuka nyeupe, zulia jeupe. Atoaye ushauri huu hajawahi kukaa kando ya barabara ya vumbi wakati wa kiangazi. Vumbi la Mulot huingia hata kupitia tundu la ufunguo. Bomba la ploti linapokauka, maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na pazia jeupe hudai kufuliwa kila wiki. Weupe, kwa hiyo, una bei yake, nayo hulipwa kwa maji. Rangi zinazofaa ni zile zinazolificha vumbi huku zikiiacha nuru ipite, kama vile rangi ya mchanga, ya maziwa au ya chungwa iliyofifia.

Ushauri wa tano ni wa kukigawa chumba kwa pazia, na huu nitauzungumzia kwa urefu kwa sababu ndio pekee niliouona ukitekelezwa katika takriban kila chumba, hata na watu ambao hawajawahi kulifungua jarida la mapambo. Kamba hufungwa kutoka ukuta hadi ukuta, kitambaa kikaning'inizwa, kitanda kikabaki upande mmoja na kochi upande mwingine. Majarida huliita jambo hili mtindo, lakini katika ploti ni suala la heshima. Katika jamii zetu nyingi, mzazi kukaa akikitazama kitanda cha mwanawe aliyekwisha kuwa mtu mzima ni aibu kwa wote wawili. Mama yangu aliponitembelea mara ya kwanza, kabla sijaweka pazia, alikaa nusu kochi, uso ameuelekeza mlangoni, akanywa chai upesi na kusema amekumbuka kwamba magari huadimika jioni. Alipokuja mara ya pili, pazia lilikuwapo. Akakaa hadi giza likaingia. Futi hazikuwa zimeongezeka hata moja.

Jirani yangu alitumia leso, au kanga kama zinavyojulikana na wengi. Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili pamoja, kila kimoja kikiwa na upana wa kutosha kumzunguka mtu. Ina pindo pande zote nne, mji katikati na jina karibu na ukingo wa chini. Mtu akiitazama kwa jicho la mpambaji, ataona kwamba kanga ni picha iliyokuja na fremu yake. Haihitaji msumari, hukunjwa ikatiwa mfukoni, na siku ya kuhama huwa kitambaa cha kufungia vyombo. Tahadhari ni moja, nayo ni ya kifasihi. Jina la kanga ni matini, na matini hutafuta msomaji. Jirani yangu aliichagua moja kwa ajili ya rangi zake, bila kulitilia maanani jina. Mpangaji wa mlango wa nne alilisoma, akaona amepigwa kijembe, na wiki mbili zikapita bila salamu kati yao.

Funzo la vidaka

Je, wapo waliowahi kulitatua tatizo la chumba chembamba kabla yetu? Wapo, nao ni sehemu ya urithi tunaoufundisha. Nyumba za mawe za Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, zina vyumba virefu lakini vyembamba sana. Sababu haikuwa upungufu wa ardhi wala wa mali. Dari zake hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa bila kupinda. Kwa hiyo upana wa chumba ulibaki wa mita 3 au chini yake, hata mwenyewe akiwa tajiri kiasi gani.

Jibu la mafundi wa Lamu lilikuwa vidaka, yaani matundu ya mstatili yaliyopangwa safu kwa safu ukutani, yakanakshiwa kwa plasta ya chokaa. Humo viliwekwa vyombo vya kauri na vitu vingine vya thamani. Kidaka hakikuchukua hata inchi moja ya sakafu, kwa kuwa kilikaa ndani ya unene wa ukuta. Vilevile kililipa jicho pa kuingia, ukuta ukaonekana kama unaendelea mbele. Hapo ghala na pambo ni kitu kimoja. Si ajabu kwamba katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anapoionyesha fahari ya Pate iliyoporomoka, hayasahau madaka ya vyombo, ambayo sasa yamekuwa makao ya ndege. Alijua kwamba hapo ndipo heshima ya nyumba ilipokuwa ikitazamwa.

Hatuwezi, hata hivyo, kukihamisha kidaka cha Lamu hadi Mulot. Ukuta wa mawe ya matumbawe una unene unaoruhusu kuchongwa, ilhali bati halina unene wowote wa kuzungumziwa. Isitoshe, vidaka vilikuwa vya waungwana. Waliokaa katika nyumba za udongo na makuti, ambao walikuwapo Lamu hiyohiyo, hawakuwa navyo. Tunachoweza kukichukua ni kanuni: pambo lifanye kazi, na lisikae sakafuni.

Kanuni hii haikuwa ngeni kwa wenyeji wa nchi hii. Katika nyumba ya Wakipsigis, kibuyu cha maziwa ya mursik, kinachoitwa sotet, ni chombo na ni pambo pia. Huvikwa ngozi na shanga, husafishwa kwa kijiti na kupakwa masizi ya mti maalumu, kisha hutundikwa au kuwekwa mahali pa heshima. Mgeni akikitazama, anaona uzuri. Mwenyeji akikishusha, anampa mgeni kinywaji. Katika ploti ya Mulot, nyumba ya mviringo haipo tena, lakini nimeona sotet zikining'inia kwenye mbao za paa juu ya runinga. Mwenyewe hakusoma mahali kwamba ni mtindo.

Tazama pia mbali zaidi. Nchini Japani, chumba hupimwa kwa idadi ya mikeka ya tatami. Chumba cha mikeka 6 ni cha mita za mraba 9 hadi 11, kutegemea kipimo cha eneo, yaani ni cha futi 10 kwa 10 au kikubwa kidogo tu. Chumba hicho husifiwa duniani kote kwa utulivu wake. Mchana ni sebule, usiku ni mahali pa kulala, kwa sababu godoro hukunjwa asubuhi na kuondolewa. Lakini wanaokisifu hawasemi godoro huenda wapi. Huenda katika kabati kubwa lililojengwa kando, ambalo halihesabiwi katika ile mikeka 6. Utulivu wa chumba kile una tumbo, na tumbo hilo limefichwa nyuma ya mlango wa karatasi. Chumba cha Mulot hakina tumbo. Kila kitu kilichomo kinaonekana, na hii ndiyo shida hasa ambayo mpambaji wa ploti anapaswa kuitatua.

Yanayowezekana

Kutokana na hayo, napendekeza vigezo vitatu vya kulipima pambo lolote la chumba cha kupanga. Je, linafanya kazi nyingine zaidi ya kutazamwa? Je, linaweza kuhama pamoja na mwenyewe bila kuacha tundu wala deni? Je, utunzaji wake hautazidi uwezo wa maji, umeme na muda wa mpangaji? Likifaulu yote matatu, na liingie. Likishindwa hata mojawapo, mpangaji afikiri mara ya pili.

Kwa vigezo hivyo, kitanda kilichoinuliwa kinafaulu. Kikiwekwa juu ya matofali manne hata kikaacha nafasi ya futi 1 na nusu chini, mpangaji amejipatia futi za ujazo 36 za ghala. Shuka ndefu ikishuka hadi karibu na sakafu, masanduku hayaonekani. Hilo ndilo tumbo ambalo chumba kilikuwa kimelikosa.

Rafu ya kusimama yenyewe inafaulu pia. Seremala yeyote wa soko anaweza kuitengeneza kwa mbao chache, nyembamba na ndefu, ikaegemea ukutani bila kuutoboa. Nilitengenezewa moja yenye madaraja matano. Vikombe vilikaa juu na vitabu katikati, sufuria zikakaa chini. Nilivipanga vikombe kwa rangi. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nimejenga vidaka vyangu vya mbao. Rafu hiyo imenifuata hadi ninapoishi sasa.

Vitambaa vya kufuma vinavyofunika viti vinafaulu. Wasomi wa mjini huvicheka, lakini huzuia vumbi, hufulika kwa maji kidogo na huficha kochi lililochakaa. Kalenda ya ukutani inafaulu, ilimradi iwe ya mwaka uliopo. Taa ndogo iliyowekwa mezani, badala ya balbu iliyo wazi katikati ya dari, hubadilisha sura ya chumba usiku kwa tokeni zilezile. Mmea wa chunguni hufaulu tu pale penye nuru, na kwa kawaida hapo ni nje ya mlango, ambako kopo la sukumawiki au la dania hupendeza na kuliwa.

Asili ya neno lenyewe inatuunga mkono. Kutokana na pamba, kitenzi, tumepata pambo na tumepata mpambe. Mpambe ni yule ampambaye bibi harusi, na kwa matumizi mengine ni msaidizi anayeandamana na mkubwa wake na kumtumikia. Pambo linalofaa chumba kidogo ni la sifa hiyo: liandamane na mwenyewe, limtumikie.

Mipaka ya pambo

Lipo jambo ambalo majarida hayalisemi, nalo ndilo lililonisukuma kuyaandika makala haya. Ushauri wa mapambo huweza kuligeuza suala la makao kuwa suala la ladha. Mtu akiambiwa kila siku kwamba chumba chake kingependeza kama angejua kuchagua rangi, mwishowe huamini kwamba giza na msongamano ni kosa lake mwenyewe. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, linahesabu nafasi kuwa haitoshi pale watu zaidi ya watatu wanapokaa chumba kimoja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inamtambulia kila mtu haki ya kuwa na makao yanayofaa. Hakuna kanga, hata ya jina zuri kiasi gani, inayoweza kusimama mahali pa haki hiyo.

Aidha, pambo huweza kuwa hatari. Pazia lile lile ninalolisifu huweza kushika moto likining'inia karibu na jiko. Katika chumba kilichogawanywa, jiko na pazia huwa majirani wa karibu mno. Afadhali jiko likae karibu na mlango, pazia likomee mbali nalo, na mtungi wa gesi usivikwe kitambaa cha urembo, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini, ndani ya kitambaa kile. Juu ya hayo, usiku wa nchi ya chai ni wa baridi, hasa mwezi wa Juni na Julai, na wapo wanaoliingiza jiko la makaa ndani na kuziba kila tundu kwa vitambaa ili chumba kiwe na joto. Makaa hutoa hewa ya kabonimonoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu usingizini. Tundu la hewa lisipambwe kwa kuzibwa.

Nirudi kwa jirani yangu. Binti yake mkubwa alikuwa darasa la sita. Alasiri alifanyia kazi zake za shule mlangoni, mgongo ameupa ukuta, kwa sababu ndani palikuwa na giza na mama hakuweza kuwasha balbu mchana. Mvua iliponyesha, hakufanya kazi yoyote. Nilikuwa nimenunua rangi, kioo na zulia kwa ajili ya chumba changu, na sikuwa nimewahi kujiuliza kwa nini mtoto yule huketi mlangoni.

Ni yeye mama aliyelitoa wazo. Alikuwa ameona katika duka la vifaa vya ujenzi bati la plastiki linalopitisha nuru. Wapangaji wa safu yetu tulikutana na kumwendea mwenye ploti. Hakupinga sana. Alisema yeye atamlipa fundi, sisi tununue bati, na kwamba bati likishapigiliwa ni lake. Tulikubali. Kwa kigezo changu cha pili, bati hilo halifaulu, kwa kuwa haliwezi kuhama na mpangaji. Lakini ndilo pekee, katika yote niliyoyaona, lililokibadilisha chumba badala ya kuyadanganya macho.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mawazo mengi ya kupamba makao madogo yalibuniwa kwa ajili ya mtu anayemiliki ukuta, mwenye maji bombani na nuru dirishani. Kwa mpangaji wa ploti ya Mulot, au kwa mchumaji chai aliye katika nyumba ya kampuni huko Kericho, yanayotekelezeka ni machache, na mengi kati ya hayo machache tayari anayafanya: pazia la leso, kitambaa cha kufuma, kibuyu kilichotundikwa, ghala chini ya kitanda. Hayo hayajaandikwa vya kutosha katika Kiswahili, na mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti angeweza kuanzia hapo, kwa kukusanya msamiati wa chumba kimoja kabla haujapotea.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nami niliingia. Siku moja ya mvua, wiki chache baada ya fundi kuondoka, nilipita kurudisha beseni la jirani. Mvua ilikuwa ikivuma juu ya mabati hata tukashindwa kusikilizana. Binti yake alikuwa ndani, mezani, balbu imezimwa, akifanya hesabu.